Jina Likifutwa, Shehia Inabaki

Lifungue daftari la wagonjwa wa nje kwenye kituo cha afya cha kijijini: tarehe, jina, umri, jinsia, shehia, ugonjwa, dawa. Kila mgonjwa na mstari wake. Linapokuja suala la kulinda siri za wagonjwa, wengi hudhani kazi yote ni kulifuta lile jina, na zinazobaki ni takwimu zisizo na mwenyewe. Dar es Salaam, penye mamilioni ya watu, dhana hiyo inaweza kusogea karibu na ukweli. Kisiwani Pemba haifiki popote.

Tufanye hesabu ya mfano. Shehia, eneo dogo la utawala Zanzibar, ina watu 4,000. Wanawake ni kama 2,000, na kati yao wenye umri wa miaka 34 hawafiki 40. Wenye mimba kwa wakati huo labda wanne au watano. Sasa ongeza kwamba mmoja wao alipewa rufaa Jumatatu na gari ya wagonjwa ikampeleka Chake Chake. Hapo jina la nini tena? Barazani wameshamtaja kabla ya alasiri, na ugonjwa wake wanao.

Wala si jambo la visiwani peke yake. Katika miaka ya 1990 jimbo la Massachusetts, Marekani, lilitoa kwa watafiti taarifa za matibabu za watumishi wake, majina yakiwa yameondolewa. Latanya Sweeney, mwanafunzi wakati huo, alinunua orodha ya wapiga kura wa mji wa Cambridge kwa dola 20, akalinganisha tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta, akaishia kwenye taarifa za gavana mwenyewe, William Weld. Baadaye alikadiria kuwa vitu hivyo vitatu vinatosha kuwatambulisha asilimia 87 ya Wamarekani. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyo kwenye nchi kubwa namna ile, kisiwa kilichohesabiwa watu laki tano na elfu arobaini na kitu katika sensa ya 2022, tena watu wanaojuana kwa koo na kwa vitongoji, kina kazi ngumu zaidi.

Kazi hiyo imeongezeka uzito kwa sababu daftari sasa limehamia kwenye simu. Kupitia mpango wa Jamii ni Afya wa Wizara ya Afya Zanzibar na shirika la D-tree, wahudumu wa kujitolea zaidi ya 2,000 Unguja na Pemba wanapita nyumba kwa nyumba na simu mkononi, wakiwaandika wajawazito na watoto wadogo, na simu inawaonyesha dalili za hatari. Mimi ni muumini wa mpango huu. Mama anayevuja damu nyumbani anafika hospitali mapema kwa sababu kuna mtu aliyekuja kumtazama. Lakini mhudumu huchaguliwa kutoka shehia ileile anayoihudumia. Undugu na ujirani ndio unaomfungulia mlango, na ndio huohuo unaomfanya mama mwingine afiche mimba iliyoharibika, maana anayemwandika ni wifi yake. Simu ikifungwa kwa nywila na taarifa zikisafirishwa kwa njia salama hadi kwenye seva, bado zimo kichwani mwa wifi.

Na sheria je? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Taarifa za afya imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Ni sheria nzuri, ila mipaka yake haina budi kusomwa: kwa upande wa Zanzibar haigusi mambo yasiyo ya Muungano, na afya si jambo la Muungano. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo. Mzee wa Wete akilalamika kuwa kampuni ya simu imetoa taarifa zake, ana pa kushika, kwa kuwa simu ni suala la Muungano. Akivushwa hadi Muhimbili, Dar es Salaam, faili atakalofunguliwa kule limo ndani ya sheria. Lakini faili lake la hospitali ya Wete, lenye maradhi yaleyale, liko nje ya mlango. Huyo aanzie kwenye Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 15, kinachohifadhi faragha ya mtu na familia yake. Msingi ni imara, lakini katiba haimwambii karani daftari likae wapi.

Kenya imeonyesha kuwa katiba peke yake inaweza kufika mbali, iwapo kuna wa kuishika. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza zikusanywe taarifa za wanafunzi wenye VVU pamoja na majina. Nia iliyotajwa ilikuwa njema, kuwapatia huduma. Shirika la KELIN na wenzake wakaenda Mahakama Kuu, na Desemba 2016 mahakama ikasema agizo hilo linavunja katiba, ikaamuru majina yaliyokwisha kukusanywa yageuzwe kuwa alama za siri.

Hata hivyo kesi za namna hiyo ni chache, na siri nyingi haziibwi na mtu mwenye kompyuta. Zinaanguka mezani. Daftari la mapokezi liko wazi, mgonjwa wa kumi anainama kutia saini na macho yake yanapita kwenye mistari tisa iliyotangulia. Kipande cha kadibodi chenye upenyo wa mstari mmoja kingetosha kuifunika. Kwenye dirisha la dawa jina la ugonjwa linasemwa kwa sauti ya kushindana na feni. Picha ya eksirei inatumwa kwenye kundi la WhatsApp kuomba ushauri wa daktari wa Unguja, jina likiwa limeandikwa pembeni, na mmoja wa wanakundi alishahama kazi zamani. Hata karatasi chakavu ni za kuangaliwa. Sote tumewahi kula njugu zilizofungwa kwenye karatasi ya mtihani wa mtoto wa mtu. Na benchi la CTC, kliniki ya wenye VVU, likikaa peke yake upande mmoja wa uwanja, aliyeketi hapo ameshatangazwa. Ndiyo maana wapo wanaokipita kituo cha jirani wakafuata dawa mbali, kwa nauli yao, na siku nauli ikikosekana dozi nayo inakosekana.

Kwa takwimu zenyewe, dawa ya kitaalamu ipo na si ghali. Ripoti ikionyesha wagonjwa chini ya watano katika shehia, idadi hiyo haichapishwi; inajumlishwa na za jirani, au inapandishwa ngazi ya wilaya. Umri unaandikwa kwa makundi, 30 hadi 34, na siku ya rufaa inakuwa mwezi. Kwa ripoti ya kuchapishwa, mtafiti mara nyingi hapungukiwi na kitu cha maana, na mwanamke wa mfano wetu anarudi kuwa mmoja kati ya wengi.

Kwa mafaili, kinga kubwa ni kumbukumbu ya mfumo: nani amelifungua faili gani, saa ngapi. Daktari hazuiwi kufanya kazi yake. Anaacha alama tu. Ila kumbukumbu isiyosomwa haimtishi mtu, na kwenye kituo cha watumishi sita msomaji atakuwa rafiki wa msomwaji. Msomaji awe wa nje ya kituo, na ikiwezekana nje ya wilaya. Sasa kwa kuwa Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar nao unahitaji kujua mwanachama ametibiwa nini kabla ya kulipa, idadi ya macho imeongezeka. Unapoletewa fomu ya Mfuko huo ya kusaini, muulize anayekuletea ni nani Unguja ataiona, na ni nani Pemba.