Kioo cha Nyuma cha Gari la Paa la Kukunja

Kioo cha nyuma cha gari la paa la chuma linalokunjika hakivunjiki kama kioo cha dirisha la nyumba. Hakiachi vipande virefu vyenye ncha, wala hakibaki na ufa mmoja wa kuvumiliwa hadi mwisho wa mwezi. Humwagika chote kwa mkupuo, kikawa maelfu ya punje zinazokaribia ukubwa wa mahindi, na nyingi huishia ndani ya buti na katika mifereji ya paa. Kilitengenezwa kivunjike hivyo. Tabia hiyo ndiyo inayoamua karibu kila hatua ya kukibadilisha: kwa nini ufa wake hauzibwi, kwa nini fundi hawezi kukata kingine karakanani, na kwa nini kitufe cha paa hakiguswi mpaka gari lisafishwe.

Magari ya aina hii si mengi Nakuru, katika Bonde la Ufa la Kenya, lakini wazo lake ni la zamani. Mfaransa Georges Paulin, aliyekuwa daktari wa meno, alipata hataza ya paa gumu la kujificha nyuma mwanzoni mwa miaka ya 1930, na kampuni ya Peugeot ikalitumia katika muongo huohuo. Ford walijaribu Marekani kwa Skyliner, kati ya 1957 na 1959, wakaacha. Lililoupa mtindo huo umaarufu tena ni Mercedes-Benz SLK la 1996. Likafuatwa mwaka 2001 na SL jipya la kampuni hiyohiyo pamoja na Toyota Soarer, lile ambalo nchi nyingine zililijua kama Lexus SC 430, kisha mwaka 2007 BMW la mfululizo wa 3. Kwa kuwa Kenya huendesha upande wa kushoto wa barabara, mengi ya yaliyotumika huletwa kutoka Japani na Uingereza, na vipuri vyake hufuata njia hizohizo za bahari hadi Mombasa.

Tofauti na gari la kawaida, ambamo kioo cha nyuma hukaa mahali pamoja maisha yake yote, hapa kioo ni sehemu ya mashine. Pampu ya umeme husukuma mafuta kwenye mikono ya haidroli, kifuniko cha buti hufunguka kinyumenyume, na vipande vya paa hupandana ndani yake. Katika SL la 2001 kazi yote huchukua sekunde 16 hivi, na katikati yake kioo hujigeuza ili mpindo wake ulaliane na mpindo wa paa na kubakiza nafasi ya mizigo. Nafasi kati ya kioo na bati linalokipita ni ndogo sana. Ndiyo maana kioo kilichobandikwa milimita chache juu ya mahali pake huweza kuonekana sawa kabisa paa likiwa limefungwa, kikaja kukwaruzwa au kuvunjika siku paa linapokunjwa.

Kioo cha magari hutengenezwa kwa mchanga wa silika, magadi na chokaa. Silika ikiwa peke yake huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,700 hivi za Selsiasi. Magadi hushusha kiwango hicho na kuifanya tanuri iwezekane kwa gharama ya kawaida. Bonde la Ufa halihitaji kutafuta mbali mfano wa malighafi hiyo. Ziwa Magadi, kusini mwa Nakuru, limekuwa likichimbwa magadi kibiashara tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na viwanda vya vioo ni miongoni mwa wateja wakuu wa zao hilo.

Lakini bonde hili lina kioo kingine, ambacho hakikupita tanuri ya mtu. Milima ya Eburru na maeneo ya Naivasha yamejaa obsidiani, kioo cha volkeno kilichopoa haraka kabla ya fuwele kujijenga ndani yake. Mashoka ya mkono ya obsidiani yamepatikana Kariandusi, karibu na Gilgil, na vifaa vidogo vya jiwe hilo vimefukuliwa Hyrax Hill, pembeni mwa mji wa Nakuru, ambako Mary Leakey alichimba mwishoni mwa miaka ya 1930. Vipande vya obsidiani ya bonde hili vilisafirishwa zamani hadi kaskazini mwa Tanzania. Kilichokuwa kikitafutwa ni makali: obsidiani ikigongwa hutoa kigae chembamba chenye ncha kali kuliko wembe wa chuma. Kwa kipimo cha kemia, jiwe hilo na kioo cha gari ni ndugu wa karibu, kwa kuwa kila kimoja kina silika kwa takriban sehemu saba kati ya kumi. Mbona basi kimoja hutoa visu na kingine hutoa punje butu?

Jibu limo katika namna kilivyopozwa. Kioo cha nyuma hukatwa, husuguliwa kingo na kutobolewa matundu yake yote kikiwa bado kioo cha kawaida. Kisha hupashwa moto hadi nyuzijoto 620 au zaidi, hupindwa kwenye umbo lake, na hapo hapo hupulizwa hewa baridi pande zote mbili. Uso huganda kwanza. Tumbo la kioo hupoa baadaye, likitaka kusinyaa, lakini uso uliokwisha kuganda hauliruhusu. Matokeo ni mvutano wa kudumu ndani na mgandamizo wa kudumu usoni, unaofikia takriban megapaskali 70 na zaidi. Kwa kuwa ufa huanza usoni na huhitaji kuvutwa ili ufunguke, kioo kilichokazwa namna hii huhimili mzigo mara nne au tano kuliko cha kawaida cha unene uleule.

Nguvu hiyo ni ya mkopo. Mkwaruzo ukipita tabaka la mgandamizo na kufika tumboni, nishati yote iliyofungiwa hujilipua. Ufa hukimbia kwa kasi ya karibu mita 1,500 kwa sekunde, hugawanyika, na kila tawi hugawanyika tena, mpaka kusiwe na kipande kikubwa kilichobaki na nishati ya kukivunja zaidi. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 43 ya vioo vya magari hupima jambo hili waziwazi: kioo kilichovunjwa makusudi lazima kitoe vipande visivyopungua 40 katika eneo la sentimita 5 kwa 5. Vipande vikiwa vichache maana yake ni vikubwa, na vipande vikubwa hukata shingo za watu. Obsidiani haina mkopo huo. Ufa wake husafiri njia moja, na njia hiyo ndiyo makali.

Kutokana na hayo, vyanzo vya kuvunjika huwa vya aina mbili: kipigo kikubwa, au kipigo kidogo mno mahali pabaya. Kokoto inayorushwa na lori barabara kuu ya Nairobi hadi Mau Summit kwa kawaida hupiga kioo cha mbele, na hicho ni kioo cha tabaka mbili zilizoshikwa na utando wa plastiki katikati, hivyo hupata ufa na kubaki mahali pake. Kioo cha nyuma hudhuriwa zaidi kwenye kingo, ambako mgandamizo ni rahisi kuvukwa. Wezi nao wanajua fizikia hii bila kuisoma: kipande cha kauri ya plagi, ambayo ni oksidi ya alumini ngumu kuliko kioo, hurushwa polepole tu na dirisha zima hushuka. Mara chache kioo huvunjika chenyewe gari likiwa limeegeshwa, kwa sababu ya chembe ya salfidi ya nikeli iliyonaswa humo tangu kiwandani na kuendelea kuvimba taratibu kwa miaka.

Katika magari ya paa la kukunja, hata hivyo, mshtakiwa wa kwanza ni mzigo. Ndani ya buti huwa na pazia au ubao unaotenga nafasi ya paa na nafasi ya mizigo, na mfumo hukataa kufanya kazi pazia lisipofungwa. Hautambui kilichowekwa juu ya pazia. Kabichi tatu zilizonunuliwa sokoni zikipangwa pale, kisha dereva akafungua paa ili afurahie jua la Gilgil, haidroli itasukuma kioo juu ya kabichi kwa nguvu isiyo na huruma.

Baada ya kioo kuvunjika, gari halifai kuendeshwa mbali likiwa na tundu nyuma. Hewa inayopita juu ya gari huacha mvuto mdogo nyuma yake, na moshi wa ekzosi, wenye monoksidi ya kaboni isiyo na harufu, huweza kuingia ndani. Karatasi ya nailoni iliyobandikwa vizuri inatosha kufika kwa fundi. Haitoshi kwa safari ya kwenda Nairobi.

Usafishaji ndio unaodharauliwa kuliko kazi zote, na pengine ndio wenye thamani kubwa. Punje hujificha kwenye mipira ya kuzuia maji, kwenye bawaba, kwenye mifereji ya kutoa maji na chini ya mikono ya haidroli. Punje moja ikibanwa kati ya bawaba na bati huchora rangi hadi chuma, au hupasua mpira ambao bei yake humshangaza mwenye gari. Fundi makini hutumia mashine ya kufyonza vumbi, huondoa mazulia ya buti, na hufungua mifereji ya maji kabla hajagusa kitu kingine. Betri huunganishwa na chaja, kwa sababu pampu ya paa hula umeme mwingi na paa linalokwama katikati ni tatizo jipya.

Kioo cha kubadilishia hakikatwi. Fundi wa Nakuru anayekata kioo bapa cha dirisha la lori kwa dakika kumi hana njia ya kufanya hivyo hapa: kalamu ya kukatia ikivuka tabaka la mgandamizo, kipande chote humwagika mezani. Lazima kipatikane kilicho tayari, kwa namba ya modeli, kipya au kilichotolewa kwenye gari lililovunjwa, mara nyingi kupitia wauzaji wa Nairobi wa Kirinyaga Road, ambayo wengi bado huiita Grogan. Maandishi madogo kwenye kona husaidia: neno Temperlite kwenye magari ya Kijapani ni jina la kioo kilichokazwa cha kampuni ya AGC, na herufi E ndani ya duara huonyesha kibali cha kanuni ya kimataifa. Huangaliwa pia mistari ya kupasha joto, vituo vyake vya waya, na antena ya redio ikiwa imechorwa humo. Wapo wanaobandika plastiki angavu badala ya kungoja. Plastiki hiyo huchubuka, hujikunja kwa joto, na haina mistari. Kwa gari la bei kubwa kama hili ni uchumi wa ajabu.

Gundi ya zamani hukatwa kwa waya mwembamba au kisu, lakini haikwanguliwi yote. Huachwa tabaka la milimita moja au mbili, kwa kuwa poliurethani mpya hushika vizuri juu ya ile ya zamani iliyo safi kuliko juu ya bati tupu. Kingo nyeusi za kioo, zilizochorwa kwa rangi ya kauri na kuokwa kiwandani, si pambo. Huikinga gundi na miale ya urujuanimno, ambayo karibu na Ikweta na kwenye mwinuko wa mita 1,850 wa Nakuru ni mikali kuliko kule gari lilikoundwa. Kosa la kawaida la karakana ni kutumia silikoni ya madirisha, ile yenye harufu ya siki. Harufu hiyo ni asidi ya asetiki inayotoka gundi ikikauka, na huanzisha kutu. Mbaya zaidi, mabaki yake huzuia poliurethani isishike tena siku kazi itakaporudiwa kwa usahihi.

Poliurethani hutolewa kwa mstari mmoja usiokatika, na kioo huwekwa kabla uso wa gundi haujaanza kukauka. Kimo cha mstari na vitegemeo vidogo chini ya kioo ndivyo vinavyoweka ile nafasi ndogo kati ya kioo na bati iliyotajwa. Kisha huja kungoja, na hapa hali ya hewa ya Nakuru ina neno. Gundi hii haikauki kwa kupoteza maji bali kwa kuyapata: huchukua mvuke wa hewani, na kemia hiyo huanzia nje ikiingia ndani, kwa milimita tatu au nne kwa siku katika joto la wastani na unyevu wa nusu. Januari na Februari hewa huwa kavu, na usiku joto hushuka hadi karibu nyuzi 10; Molo, kwenye miinuko ya Mau, hushuka zaidi. Muda ulioandikwa kwenye chupa kwa ajili ya karakana yenye joto hautoshi hapo. Kunyunyiza maji mengi juu ya mstari si dawa, kwani mmenyuko huo hutoa gesi ya kaboni dioksidi na ukiharakishwa gundi hujaa viputo. Vumbi la kiangazi nalo hudhoofisha ushikaji, hivyo kazi hufanywa ndani, mlango ukiwa umefungwa, na kioo hufutwa mara ya mwisho dakika chache kabla ya kupakwa gundi.

Wakati gundi inakomaa, waya za mistari ya joto huunganishwa na kupimwa. Mistari hiyo ni ya fedha iliyochapwa na kuyeyushiwa ndani ya uso wa kioo katika tanuri ileile ya kukazia. Mmoja ukikatika, rangi ya fedha inayopitisha umeme huuunga bila kubadilisha kioo. Waya zinazopita kwenye bawaba huachiwa ulegevu wa kutosha, kwani hupindwa kila paa linapotembea. Ili kugundua uvujaji, maji humwagwa polepole kuzunguka kingo, mtu akiwa ndani na tochi. Kukunja paa huja mwisho, baada ya gundi kukomaa hadi ndani, na mara ya kwanza hufanywa kwa kusimamisha kitufe mara kwa mara huku mtu wa pili akitazama nafasi kati ya kioo na bati katika kila hatua.