Njiwa katika Nyimbo za Mapenzi

Mwaka 1948 Salum Abdallah aliunda bendi mjini Morogoro, akaiita La Paloma, yaani Njiwa, kwa jina la wimbo wa Kihispania uliotungwa na Sebastián Iradier katika karne ya 19. Humo mwimbaji aliyeondoka Havana kwa meli amsihi mpenzi wake ampokee njiwa atakayetua dirishani kana kwamba ndiye yeye mwenyewe.

Katika tungo za Kiswahili pia njiwa hutajwa penye hamu na utengano, lakini yeye ni mjumbe tu: hupeleka salamu, naye mtumaji hubaki na ukiwa wake.

Morogoro ilikuwa nchi ya mkonge. Waha wa Kasulu na Kibondo, waliosafiri kwa reli kutoka Kigoma kwenda kufanya kazi mashambani, waliujua utengano huo.