Ngoma Isicheleweshe Dawa

Katika visiwa vya Unguja na Pemba, mtu akipatwa na maradhi yasiyofahamika, aghalabu hupelekwa kwanza kwa mganga. Ngoma hupigwa, pepo hupanda kichwani, naye huulizwa jina lake, atokako na atakacho. Katika kibuki, pepo hujitambulisha kuwa ni watu wa kale wa Bukini, hata wafalme. Na maradhi ya leo huelezwa kuwa ni deni la jana, lililorithiwa kwa bibi au babu.

Mila hizi ni kongwe, wala hatukusudii kuzibeza. Lakini miongoni mwa wanaopelekwa huko wamo wenye kifafa, na kifafa si deni la mababu. Ni hitilafu ya mikondo ya umeme katika ubongo, iwezayo kuletwa na taabu ya uzazi, malaria iliyopanda kichwani, au jeraha. Fenobabitali, dawa ya bei ndogo, imekuwa ikikituliza tangu mwaka 1912.

Madhara huingia pale mzazi anapoambiwa kwamba pepo hapendi vidonge, akaviacha ghafla. Kifafa hurejea kwa nguvu, na mtoto huweza kuangukia motoni au kisimani.

Kwa hiyo masheha, walimu wa vyuo vya Kurani na waganga wenyewe wana wajibu mmoja: mwenye kuanguka afikishwe hospitali kwanza. Wakuu wa afya nao wahakikishe vidonge havikosekani mashamba. Kwani mzazi aliyerudishwa mikono mitupu atarejea kilingeni, na lawama haitakuwa yake.