Mdhamini wa Rufani Yumo Mkononi mwa Korti

Watu wengi hudhani kwamba kumdhamini ndugu au jirani aliyekata rufani ni kumsaidia kwa jina tu. Sivyo. Mwenye kutia sahihi hati ya dhamana mbele ya korti amejiweka chini ya amri ya korti hiyo, na yafaa kila mtu ajue jambo hili kabla hajashika kalamu.

Katika Kenya, kukata rufani peke yake hakuzuii hukumu ya madai kutekelezwa. Aliyeshindwa hana budi kuiomba korti isimamishe utekelezaji. Kanuni za mwaka 2010 zataka aonyeshe kwamba asipozuiliwa hukumu atapata hasara kubwa, awe hakukawia bila sababu, tena atoe dhamana. Hapo ndipo mdhamini huitwa.

Tuseme mtu ameamriwa kulipa shilingi 200,000, na jirani yake akamdhamini kwa shilingi 120,000. Rufani ikatupwa, na mdaiwa akawa hana kitu. Je, aliyeshinda aanze kesi mpya juu ya mdhamini? La. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, Sura ya 21, yaipa korti uwezo wa kutekeleza hukumu ile ile juu ya mdhamini. Mali yake yaweza kushikwa na kupigwa mnada.

Hata hivyo sheria haikumwacha bila ngao. Kwanza, hadaiwi zaidi ya kiasi alichojifunga nacho; hapa ni shilingi 120,000. Pili, ni lazima apewe taarifa kwa maandishi. Tatu, asiporidhika, huhesabiwa kuwa mmoja wa wenye kesi kwa ajili ya kukata rufani. Na akiisha kulipa, aweza kumdai yule aliyemdhamini.

Huenda mtu akasema huu ni ukali. Lakini mfikirie aliyeshinda, aliyezuiliwa haki yake muda wote rufani ilipokuwa ikingojwa. Kama ingembidi kuanza kesi nyingine, dhamana ingekuwa karatasi tupu.

Basi, msomaji, ukiombwa udhamini, usione haya kuuliza: Ni kiasi gani? Mwenzangu ana mali gani ya kulipia? Isome hati yote, au usomewe na mtu unayemwamini, nawe ubaki na nakala. Kumsaidia jirani ni wema. Lakini ahadi ni deni, na ahadi ya kortini ina mwenye kuidai.