Nambari ya Simu ya Biashara ni ya Nani?

Watu wawili watatu wakishirikiana kufungua ofisi, aghalabu huuliza: tununue simu ya namna gani? Lau wangaliuliza kwanza nambari itaandikwa kwa jina la nani, ingaliwafaa zaidi.

Almon Strowger alikuwa na kazi ya kutayarisha mazishi katika mji wa Kansas City, Marekani. Zama hizo kila simu iliunganishwa kwa mkono na mtumishi wa swichibodi. Inasimuliwa ya kuwa Strowger alishuku wateja wake wanapelekwa kwa mshindani wake. Basi akabuni mtambo wa kuunganisha simu bila ya mkono wa mtu, akapata hati ya uvumbuzi mwaka 1891. Na mwaka 1892 ukaanza kazi katika mji wa La Porte, Indiana. Alifahamu ya kuwa aishikaye njia ya simu ameushika mlango wa duka.

Mtumishi yule hayupo leo, lakini khatari ipo. Biashara ngapi katika miji yetu huandika ubaoni nambari ya kijana wa mauzo! Kijana akihama, huhama na nambari, na wateja, na pengine fedha zitumwazo kwa nambari ile. Laini na isajiliwe kwa jina la kampuni. Kenya tangu mwaka 2011, na Tanzania tangu mwaka 2017, mwenye nambari aweza kuihamishia mtandao mwengine bila ya kuibadili. Lakini mwenyewe ni yule aliyesajiliwa.

Ama chombo, watu wawili yawatosha laini moja ielekezwayo simu ya pili ya kwanza isipojibiwa. Wakiwa kumi, yafaa simu ya intaneti: nambari moja ya nje, na kila meza nambari yake fupi ya ndani. Kila mazungumzo hutaka kiasi cha kilobiti 100 kwa sekunde, kwenda na kurudi. Si nyingi, ila vijana wakitazama filamu kwa intaneti ile ile, sauti hukatika. Tena simu za kale za waya zilipata umeme kutoka kituo cha simu, zikalia hata taa zikizimika. Hii haina fadhila hiyo. Yataka betri ya akiba.

Muuzaji asipoulizwa aghalabu hayataji hayo. Muulize pia: mkataba ukivunjika, nambari itabaki kwa nani? Jibu lake liandikwe kabla ya kutia sahihi.