Saa Isiyoaminika Ndani ya Seva

Tarehe 1 Aprili 1985 jarida la Datamation la Marekani lilitoa makala isiyotaja majina ya waandishi wake. Siku ya wajinga, lakini mzaha haukuwamo. Jim Gray, gwiji wa hifadhidata, na wenzake walikuwa wamebuni benki ya kufikirika: matawi 1,000, makarani 10,000, akaunti milioni 10. Seva ingepimwa kwa idadi ya miamala kwa sekunde, ila kwa sharti: 95 katika kila miamala 100 iwe imejibiwa ndani ya sekunde moja. Kasi isiyojali muda wa mteja kusubiri haikuhesabiwa.

Baraza la TPC la kupima utendaji wa miamala, lililoundwa mwaka 1988, likaendeleza kazi hiyo. Kipimo chake cha TPC-C cha mwaka 1992 huigiza biashara ya jumla, na oda moja hivi katika kila 100 hupewa kwa makusudi bidhaa isiyokuwepo, ili seva ilazimike kufuta ilichokwisha kuandika.

Vipimo hivyo vilidhani hifadhidata ina mashine yake peke yake. Leo mara nyingi hukaa ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu, ikigawana prosesa, kumbukumbu na diski za seva moja na mashine pepe nyingine. Hapo ndipo saa yenyewe inapotiliwa shaka. Mashine pepe iliyopokonywa prosesa kwa muda haina habari. Ikiwa inahesabu wakati kwa mipigo ya taimu, baadhi ya mipigo hupotea, mingine huja kwa mkupuo. Kwa hiyo anayepima kwa uangalifu hukaa nje: mzigo hutumwa kutoka mashine nyingine, na muda wa majibu husomwa hukohuko. Ndani, kwenye Linux, atachungulia safu ya "st" ya amri ya top, inayoonyesha muda ambao mashine pepe ilitaka prosesa ikanyimwa.

Kwa hifadhidata, kunyimwa huko kuna madhara ya pekee, kwa sababu ya kufuli zinazozuia kazi mbili kubadili data ileile kwa pamoja. Fikiria nyumba ya kupanga yenye choo kimoja, na aliyejifungia ndani amepitiwa na usingizi. Ndivyo inavyokuwa prosesa pepe inaposimamishwa ikiwa imeshika kufuli: nyingine zipo macho, zinatumia umeme, na hakuna kazi inayokwenda. Wastani wa muda wa majibu huenda usikuonyeshe kitu. Ipange miamala kutoka wa haraka hadi wa polepole, kisha tazama ulio wa 99 katika 100.

Je, tuongeze prosesa? Gene Amdahl, mbunifu wa kompyuta, alishalijibu swali hilo mwaka 1967. Ikiwa asilimia 5 tu ya kazi haigawanyiki, prosesa 16 zitakupa kasi mara 9 hivi, na hata ukiweka elfu hutafika mara 20. Neil Gunther, mtafiti wa utendaji wa kompyuta, baadaye aliongeza gharama ya prosesa kupashana habari, na mchoro wake hufika kilele kisha hushuka. Wauzaji wa vifaa hawauchori sana upande huo.

Mwaka 2012 TPC walitoa TPC-VMS. Hifadhidata tatu huwekwa kwenye mashine pepe ndani ya seva moja na kuendeshwa kwa wakati mmoja. Matokeo hayajumlishwi, wala hayachukuliwi kwa wastani: kinachotangazwa ni cha ile iliyofanya vibaya kuliko zote. Naipenda sheria hiyo, maana mteja hachagui atawekwa kwenye mashine ipi.