Taarifa 40 zilifika ofisini, wanyonge wakazidi kupigwa

Msomaji, hebu jiulize. Ikiwa mtaani kwenu kuna mtu mzima mwenye ulemavu wa akili, au mzee asiyejiweza tena, nawe unasikia akipigwa kila usiku, utamwambia nani? Na ukishamwambia, utajuaje kwamba hatua imechukuliwa?

Wengi wetu hudhani kwamba tukishapiga ripoti, kazi yetu imekwisha. Kisa kimoja kilichotokea Uingereza kinatufunza kwamba sivyo.

Karibu na jiji la Bristol palikuwa na hospitali ya kibinafsi iliyoitwa Winterbourne View. Ilikuwa na vitanda 24, na waliolazwa humo walikuwa watu wazima wenye ulemavu wa akili na usonji. Wengi hawakuwa na ruhusa ya kuondoka, kwa sababu walizuiliwa chini ya sheria ya afya ya akili. Kila mgonjwa alilipiwa wastani wa pauni 3,500 kwa wiki kutoka hazina ya umma. Kwa fedha hizo, ungedhani walitunzwa kama mboni ya jicho.

Mnamo Oktoba 2010 muuguzi mmoja, Terry Bryan, aliwaandikia wakubwa wake kueleza jinsi wagonjwa walivyoteswa. Malalamiko yake yalifika hadi kwa baraza la South Gloucestershire, lililokuwa na jukumu la kuwalinda watu wasiojiweza katika eneo hilo. Aliiarifu pia tume ya serikali inayokagua hospitali. Mateso yakaendelea.

Ndipo alipowaendea waandishi wa habari. Ripota wa BBC alijiunga na hospitali hiyo kama mfanyakazi, akiwa na kamera ya siri. Mnamo Mei 31, 2011, Waingereza waliona kwenye runinga wagonjwa wakizabwa makofi, wakiburutwa sakafuni na kumwagiwa maji wakiwa na nguo zao. Hospitali ilifungwa mwezi uliofuata. Mnamo Oktoba 2012, wafanyakazi 11 walihukumiwa, na sita kati yao wakafungwa jela.

Lakini ripoti iliyoandikwa na Margaret Flynn mnamo Agosti 2012 ndiyo iliyowashangaza wengi. Kati ya Januari 2008 na Mei 2011, baraza lilikuwa limepokea taarifa 40 kuhusu hospitali hiyo. Kati ya hizo, 27 zilihusu wafanyakazi kuwashambulia wagonjwa. Je, ni nini kilichokosekana? Kila taarifa ilishughulikiwa peke yake, faili ikafunguliwa na kufungwa. Hakuna aliyeziweka zote 40 mezani pamoja. Isitoshe, mara nyingi maelezo ya hospitali yenyewe ndiyo yaliyotegemewa. Kesi ya ngedere, hakimu nyani!

Tangu hapo Uingereza ilitunga sheria mpya ya mwaka 2014, iliyoanza kutumika Aprili 2015. Chini ya sheria hiyo, ni lazima baraza lichunguze linaposhuku kwamba mtu mzima anayehitaji kutunzwa, na asiyeweza kujikinga, anadhulumiwa. Baraza likizembea, jamaa hulilalamikia lenyewe kwanza, na wasiporidhika huenda kwa Ombudsman bila malipo, aghalabu kabla ya miezi 12 kupita.

Na hapa kwetu? Katiba ya 2010, katika vifungu vya 54 na 57, inawapa walemavu na wazee haki ya kuishi kwa heshima. Tena tuna Ombudsman wetu, yaani tume iliyoundwa kwa sheria ya 2011 kusikiliza malalamiko dhidi ya maafisa wa umma wanaozembea kazini. Tume hiyo pia haitozi ada.

Basi, unapomlalamikia chifu, polisi au ofisi ya kaunti, usiishie kusema kwa mdomo. Andika barua, tia tarehe, na ubaki na nakala yake iliyopigwa mhuri. Uliza jina la afisa aliyeipokea na siku utakayopata jibu. Zaidi ya yote, katika kila barua taja zile zilizotangulia: “Hii ni mara ya tatu.” Kama majirani nao wamelalamika, kusanyeni barua zenu mzipeleke pamoja. Ofisi ikinyamaza, panda ngazi kwa mkubwa wake.

Wanafunzi, kazi hii inawafaa sana. Katika mtaa ambao mama mzee hawezi kuandika, kalamu yako ndiyo sauti yake.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Lakini haba hizo zikimwagwa kila moja mahali pake, kibaba hakitajaa kamwe. Yule asiyeweza kujitetea anamhitaji mtu wa kuhesabu mateso yake. Mtu huyo anaweza kuwa wewe.